Mtoto Anapimwa Kila Wiki, Nguo Iko Wapi?

Dada zetu wa Unguja na Pemba, na nyinyi wenzetu wa huku mrima.

Leo tunaomba tuweke kando hina, singo na mitindo ya magauni. Tunajua wengi wenu ni mabibi harusi watarajiwa, na mmezoea sisi wa Tanga tukiwaletea habari za vitambaa na mishono. Lakini bibi harusi wa leo ndiye mama wa darasa la kwanza wa kesho, na miaka hiyo inapita upesi kuliko fundi anavyomaliza nguo ya mteja. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya karatasi. Hizi karatasi za mazoezi na majaribio zinazochapwa steshenari, zinazogawiwa watoto wa shule za msingi kila wiki, na ambazo sisi akina mama tunazilipia bila kuuliza zinakwenda wapi.

Msimamo wetu tunausema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho ajue. Karatasi ya jaribio si kitu kibaya. Ni kipimo, na mtoto anahitaji kupimwa. Lakini kipimo ambacho hakuna mtu anayekifanyia kazi ni hasara kwa mzazi, ni mzigo kwa mwalimu, na ni dhuluma kwa mtoto. Tunalipia kupimwa, wala hatuulizi nguo iko wapi.

Karatasi zenyewe

Kwa wale ambao bado hamna mtoto shuleni, mambo yako hivi. Mwalimu anatunga maswali, au anayapata kwa mwenzake, au yanapatikana tayari yamechapwa. Yanakwenda steshenari kutolewa kopi. Ijumaa au Jumamosi mtoto anakwenda na hela yake, anapewa karatasi. Humo kuna "chagua jibu sahihi", kuna "jaza nafasi zilizoachwa wazi", kuna "oanisha fungu A na fungu B". Anamaliza, anakusanya. Baada ya siku kadhaa anarudi na namba imeandikwa juu kwa wino mwekundu: 18 kwa 30. Mara nyingine karatasi yenyewe hairudi kabisa, inarudi namba tu kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, pamoja na nafasi aliyoshika darasani.

Na sisi tunafanya nini? Wa kwanza mpaka wa tano mama zao wanaandika "maashallah". Wa mwisho mama yake ananyamaza, na jioni mtoto anachapwa. Wiki inayofuata tunalipa tena.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Katika safari yote hiyo, kuanzia kwa mwalimu, steshenari, darasani mpaka kwenye simu ya mama, hakuna mahali ambapo mtu mmoja amekaa na mtoto akamwambia: hapa umekosea, na umekosea kwa sababu hii.

Kwa nini zimekuwa nyingi

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu walimu. Mwalimu wa shule ya serikali mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku. Karatasi inamsaidia kuwaona wote kwa mara moja.

Halafu kuna suala la hela. Nyinyi wa visiwani mnaijua tarehe 23 Septemba 1964, siku Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo. Huku bara mpango wa elimu bila malipo tulionao sasa, ambao mwanzoni ulifika mpaka kidato cha nne, ulianza Januari 2016. Katika mpango huo ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo za kupelekwa shuleni kwa uendeshaji. Gawanyeni wenyewe kwa miezi 12. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo kuna chaki, kuna karatasi, kuna mitihani, kuna ukarabati, kuna michezo. Sisi tunaojua bei ya uzi na sindano tunaelewa kwamba mia tano kwa mwezi haifiki mbali.

Kwa hiyo wazazi wanaitwa kikao, wanakubaliana, wanachangia karatasi. Kuchangia si kosa. Kosa ni kuchangia kitu halafu tusisimamie faida yake. Wewe ukimpa fundi hela ya kitambaa, siku ya kwenda kuchukua nguo unaikagua mpaka pindo. Kwa nini hela ya karatasi ya mwanao haina ukaguzi?

Tunapima ili tukate

Sisi kazi yetu ni cherehani, kwa hiyo tutatumia mfano wa kazi yetu. Bibi harusi akija, tunampima kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono. Tunaandika kwenye daftari. Vipimo vile si habari ya kutangaza mtaani. Havisemi huyu ni bora na yule ni duni. Vinatuambia tukate wapi, tubane wapi, tuachie wapi. Fundi akipima watu kutwa nzima, akajaza daftari, halafu asikate hata kitambaa kimoja, huyo hajafanya kazi. Na fundi akipima watu halafu akabandika ukutani orodha ya wanene na wembamba, hakuna mwanamke wa Tanga atakayerudi kwake.

Jaribio la mtoto ni hivyo hivyo. 18 kwa 30 ni kipimo cha nini? Amekosa 12 zipi? Hajui kutoa, au hakuelewa swali? Anajua kusoma neno lakini hajui maana yake? Namba peke yake haisemi. Anayesema ni mtu aliyeitazama karatasi.

Na hilo la kutangaza nafasi za watoto mbele ya wazazi wote, sisi hatukubaliani nalo. Dini yetu imetufundisha kusitiri aibu ya mtu mzima aliyekosea kwa makusudi, seuze mtoto wa miaka tisa ambaye kosa lake ni kutojua kitu alichokwenda shule kujifunza. Mwambieni kila mzazi habari za mtoto wake, yatosha.

Vifungo kumi kumi

Kuna binti wa darasa la tatu huwa anapita hapa Ngamiani kwenye chumba chetu cha kushonea, akimsubiri mama yake arudi kutoka Deep Sea anakouza samaki. Siku moja alikuwa na karatasi zake zote za hisabati za muhula, ameziviringisha pamoja na kuzifunga kwa uzi. Zilikuwa 11. Tukazifungua.

Mtoto yule hakuwa mjinga hata kidogo. Kujumlisha alikuwa anapata. Kuzidisha anapata. Lakini karatasi zote 11, kila penye kutoa amekosa, na amekosa kwa namna moja ile ile. 52 toa 27, ameandika 35. 81 toa 46, ameandika 45. 70 toa 34, ameandika 44. Mwenye kutazama anaona: alikuwa kila mara anachukua namba kubwa anaitoa ile ndogo, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Badala ya kukopa kutoka kwenye makumi, alikuwa anageuza. Kosa lilikuwa moja, likajirudia majuma 11, na kila juma wino mwekundu umeweka alama ya kosa ukapita. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Tukachukua vifungo, tukavitunga kumi kumi kwenye uzi. Nyuzi tano na vifungo viwili vilivyo huru, hiyo ni 52. Tukamwambia atupe 27. Akatoa nyuzi mbili, halafu akakwama, maana anatakiwa atoe vifungo saba na vilivyo huru ni viwili tu. Tukamuuliza, utafanyaje? Akafikiri, akachukua mkasi, akakata uzi mmoja. Vikawa vifungo 12 huru. Akatoa saba, vikabaki vitano. Nyuzi zimebaki mbili. 25. Alicheka mwenyewe.

Haikuzidi robo saa. Na mama yake alipokuja tukamuonyesha, akasema yeye aliishia darasa la nne, mambo ya shule anawaachia walimu. Tukamwambia, wewe mteja akikupa elfu kumi kwa samaki wa elfu sita na mia tano unamrudishia ngapi? Akajibu kabla hatujamaliza kuuliza: elfu tatu na mia tano. Basi ndiyo hiyo hiyo hesabu. Huyu mama anakopa kutoka kwenye makumi kutwa nzima sokoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba hicho ndicho kinachomshinda mwanawe.

Tunasema haya kwa sababu akina mama wengi wanajiona hawana elimu ya kukagua karatasi ya mtoto. Si kweli. Kuona kosa linalojirudia hakuhitaji cheti, kunahitaji macho na dakika 15.

Herufi za kubahatisha

Jambo la pili ni aina ya maswali. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, mtoto anaweka kivuli kwenye herufi ya jibu. Tunaelewa sababu, watahiniwa ni wengi na mashine haichoki. Lakini kwa kuwa mtihani mkubwa umekuwa wa herufi, majaribio nayo yakafuata mpaka kwa watoto wadogo. Mtoto wa darasa la pili, ambaye mkono wake bado haujakaa sawa kwenye kalamu, anapewa karatasi ya kuzungushia A, B, C au D.

Fanyeni hesabu. Maswali 40, kila swali majibu manne. Mtoto asiyejua hata kusoma, akizungushia tu, kwa wastani atapata 10. Hiyo ni robo ya alama bila kujua chochote. Akiwa na jirani mwenye akili, atapata zaidi. Mwaka huo huo wa 2012 ilitangazwa kwamba kulikuwa na wanafunzi zaidi ya 5,000 nchini waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza ilhali hawajui kusoma na kuandika. Nchi nzima ilishangaa. Lakini mtu anaweza kufika huko kama miaka yote saba alichoombwa ni herufi.

Alhamdulillah, mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulirudishwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu. Na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unasisitiza mtoto awe na uwezo wa kufanya jambo, si kukariri tu. Maneno ni mazuri. Sasa karatasi za Ijumaa ziyafuate hayo maneno. Mtoto wa KKK aandike sentensi yake mwenyewe, hata ikiwa moja. Aonyeshe njia ya hesabu, si jibu tu. Afadhali maswali matano yaliyoandikwa na kusahihishwa kuliko 40 ya kuzungushia. Na mwalimu atashukuru, maana karatasi zenye maswali matano zinasomeka.

Mtoto asiye na mia tano

Hapa tunaomba tusikilizane, maana hapa pana haki ya mtu.

Yule binti wa vifungo, wiki mbili hakufanya jaribio. Mama hakupata kitu baharini kulichafuka, hela ya karatasi haikupatikana. Wenzake walipogawiwa, yeye aliambiwa akae nyuma. Shule hatuitaji jina, maana jambo lenyewe si la shule moja tu, na pengine mwalimu mkuu hata hajui. Lakini fikirieni: mtoto amevaa sare, amefika kwa wakati, yuko darasani, na elimu imetangazwa ni bila malipo. Kisha karatasi moja inamtenga na wenzake.

Katika Qur'ani kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Huwa tunaisoma tukifikiria mizani ya sokoni, pishi ya mchele na mita ya kitambaa. Sisi tunaona na huku inafika. Kumpima mwenye hela na kumwacha asiye nayo ni kupunja. Kupokea mchango wa karatasi, kisha karatasi zisisomwe, ni kupunja. Na mzazi kulipa hela halafu asifungue mkoba wa mwanawe wiki nzima, naye pia anampunja mtoto haki yake.

Dawa yake si ngumu. Katika kikao cha wazazi tukubaliane kabisa kwamba mchango ni wa darasa, si wa mtoto. Anayeweza anatoa, anayeweza zaidi anaongeza, na karatasi zinagawiwa sawa kwa wote bila kuuliza nani katoa. Sisi Waislamu tumezoea hivyo kwenye maulidi na kwenye msiba. Sahani ikiwekwa chini haulizwi mtu alichanga ngapi.

Theluji na machungwa ya Muheza

Wapo dada zetu wenye simu nzuri na printa nyumbani, wanapakua karatasi za mazoezi kwenye intaneti, za bure, zenye michoro ya kupendeza. Tunawapongeza kwa kujali. Lakini tazameni kilichomo. Mtoto wa Makorora anaambiwa ahesabu watu wa theluji. Wa Pangani anaambiwa apake rangi mti wa Krismasi. Maneno yote ya Kiingereza, na yeye shuleni anasoma kwa Kiswahili. Anamaliza kurasa 20, mama anafurahi, lakini alichojifunza ni kupaka rangi ndani ya mstari.

Hatusemi tusipakue. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na mwalimu au mzazi anaweza kuangalia humo mtoto wa darasa lake anatakiwa ajue nini. Halafu maswali tutunge wenyewe. Muheza machungwa yamejaa: mama ana machungwa 36, anapanga mafungu ya manne manne, atapata mafungu mangapi? Ngalawa mbili zimerudi, moja na samaki 47 nyingine na samaki 38, jumla ngapi? Kanga doti moja ni vipande viwili, doti saba ni vipande vingapi? Andika sentensi mbili juu ya mkonge. Mtoto atajibu huku anaona picha kichwani, maana anavijua.

Na hakuna haja ya printa. Daftari kuukuu, rula na kalamu vinatosha.

Ubao wa chuoni

Kuna mtu atasema hizi karatasi ni mambo ya kisasa, hatuna mfano wake. Mfano tunao. Tanga ni mji wa shule na chapa tangu zamani. Shule ya serikali ilifunguliwa hapa mwaka 1892, enzi za Wajerumani, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa shuleni. Lakini hata kabla ya hapo palikuwa na chuo, na chuoni palikuwa na ubao.

Bibi zetu wanasimulia. Mtoto anaandikiwa au anaandika aya zake kwenye ubao kwa wino wa masizi. Anakaa chini anasoma. Kisha anakwenda mbele ya mwalimu, peke yake, anasomeshwa. Akikosea herufi, mwalimu anamrudisha pale pale. Ubao hauoshwi mpaka amesoma sawasawa. Akisoma sawasawa, unaoshwa, anaandikiwa sehemu nyingine. Hapakuwa na kurasa 20 kwa wiki. Palikuwa na ubao mmoja, lakini kila herufi iliyoandikwa pale ilisikilizwa na mtu.

Na vitabu vya sira vimepokea kwamba baada ya vita vya Badri, baadhi ya mateka waliojua kuandika na hawakuwa na mali, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Walihesabiwa wamelipa pale watoto walipokwisha kujua, si pale somo lilipokwisha kutolewa. Hicho ndicho kigezo tunachokitaka kwa karatasi za watoto wetu. Kazi imekwisha pale mtoto amejua.

Sasa tufanye nini

Tunaleta mapendekezo machache, ya kufanyika bila kusubiri mradi.

Kwanza, karatasi irudi nyumbani. Tukilipa, tuwe na haki ya kuiona. Ijumaa jioni baada ya kazi, mama au baba afungue mkoba, atafute kosa linalojirudia, amwombe mtoto aeleze alivyofikiri. Asianze na fimbo. Mtoto anayechapwa kwa karatasi atajifunza kuificha karatasi.

Pili, maswali yapungue na karatasi zitumike tena. Tuseme kopi moja ni shilingi 100. Darasa la watoto 80, kila mmoja kurasa nne, ni shilingi 32,000 kwa wiki moja, na baada ya hapo zinatupwa. Lakini ukurasa mmoja, kopi 40, watoto wawili wawili wanashirikiana kusoma na kila mtu anajibu kwenye daftari lake, ni shilingi 4,000. Kopi zinakusanywa, zinatunzwa, na darasa la mwakani linazitumia. Zikiwekwa kwenye plastiki ngumu zitadumu zaidi, na mtoto anaweza kuandika juu yake kwa kalamu ya kufutika, ukapangusa kwa kitambaa. Hapo tumerudi kwenye ubao wa bibi zetu.

Tatu, tumwendee mwalimu kwa adabu. Usiende kumfokea mbele ya watoto. Nenda na karatasi mkononi, mwambie: mwalimu, tumeona anakosa hapa na hapa, tumsaidie vipi? Mwalimu mwenye darasa kubwa akiona mzazi wa namna hiyo hufarijika, na mtoto wako hatasahaulika tena.

Nne, tunawageukia nyinyi mabibi harusi. Mnapopanga bajeti ya kadi, mapambo na zawadi za wageni, ongezeni rimu mbili za karatasi kwa shule mliyosoma. Rimu moja ina karatasi 500. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na humo mna sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Mapambo ya ukumbini yanashushwa usiku ule ule. Mtoto aliyejua kusoma kwa karatasi yako anaisoma Qur'ani maisha yake yote.

Na jingine, msione haya kuliuliza wakati wa posa. Tunauliza ana kazi gani, anaswali, ana mke mwingine. Ongezeni na hili: tukijaaliwa watoto, nani atafungua mkoba wa shule? Mwanamume atakayejibu "hiyo kazi ya mama" mjue mapema mnaingia wapi. Mtoto ni amana ya wawili.

Tunajua wapo watakaosema tunaingilia kazi ya walimu wakati sisi ni wa cherehani tu. Hatuwafundishi walimu kazi yao. Tunasema kama walipaji wa zile karatasi na wazazi wa wale watoto. Na tunaijua kazi ya kupima. Kipimo bila mkasi na uzi hakijamvisha mtu.

Ijumaa hii, inshallah, fungueni mikoba. Mkikuta kosa linalojirudia, shukuruni, maana mmekwisha jua pa kukata. Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape walimu wao subira na malipo mema, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na kizazi chema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Dada zenu wa Tanga.